Nyumba ya Arobaini na Mbili

Kisarawe,
9 Januari 1971

Ndugu yangu Abeid,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila Kidawa amenuna. Meza ya treni imekamilika jana saa kumi jioni: futi kumi na mbili kwa nne, imekijaza chumba cha uani chote, na kitanda cha wageni nimekitoa. Mke wangu anasema, “Wenzio wakichoka huoa mke wa pili. Wewe umeoa gari moshi.” Nimemwambia huyu wa pili hali chakula.

Unakikumbuka kile kichwa cha treni cha kutiwa ufunguo alichoniachia yule mhandisi wa reli alipohama. Miaka mitano kinazunguka sakafuni kama kuku aliyekatwa kichwa. Sasa nataka kukipa njia ya kweli, na njia ninayoijua mimi ni moja tu: ile inayopita kwenu Kwa Kondo, kutoka kalavati kubwa mpaka karibu na Soga. Likizo zote za shule nililala kwenu kwa sababu kufika kwetu Maneromango ilikuwa safari ya siku nzima ya tope. Wali niliokula kwa mama yako ni mwingi kuliko niliokula kwa mama yangu.

Nina ombi. Nipimie njia hiyo. Hesabu mataruma, yale yaliyolazwa chini ya reli, kutoka kalavati mpaka kona, na kutoka kona mpaka mwisho wa kijiji. Kila mataruma kumi ya kwenu nitayawekea njiti moja ya kiberiti. Kisha niandikie kila nyumba: ya nani, iko upande gani wa reli, mlango umeelekea wapi. Sitaki kubuni. Nataka mtu wa kwenu akiingia chumbani mwangu aseme, hapa ni kwa fulani.

Msalimie sana mama.

Ndugu yako,
Mwishehe Shomari


Kwa Kondo, Kibaha,
30 Januari 1971

Stesheni Masta Mwishehe,

Aleikum salaam. Kazi yako imenitia aibu ya mwaka mzima. Nimetembea juu ya reli siku tatu nikihesabu kwa sauti. Mnyapara wa gengi la reli akanisimamisha: “Wewe, unahesabu nini? Yameibiwa?” Nikamwambia rafiki yangu mwalimu wa hesabu wa Kisarawe anataka kujua idadi. Akauliza, “Anataka kuyanunua?” Sasa nikipita wananiita Bwana Mataruma.

Karatasi ya hesabu nimeiambatisha. Nyumba ni arobaini na mbili. Arobaini na moja ziko upande wa kisima, zimefuatana kama unavyozijua. Yangu ni namba kumi na saba, ya dada yangu Tatu na mumewe ni kumi na nane. Ya arobaini na mbili ni ya mama, peke yake ng'ambo ya tuta la reli, tumboni mwa kona, na minazi yake sita na kaburi la baba. Ukisimama kijijini huioni, tuta limeificha. Mlango umeelekea reli.

Mama nilimweleza mambo ya meza yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kutoa amri: “Mwambie mwanangu yule nyumba yangu asinijengee bila mlango wa uani. Na kuku wangu awatie. Na weye Abeid, muulize, katika hiyo nyumba miye nitakuwa nafanya nini?” Nikamwambia utakuwa umekaa unatazama treni. Akasema, “Hilo nalifanya sasa.”

Mabehewa manne ya makopo ya samaki nimeyakata, nitayaleta mwenyewe.

Wako,
Abeid Mfaume


Kisarawe,
21 Februari 1971

Ndugu yangu Abeid,

Imetembea. Jana treni imekwenda kutoka kalavati mpaka mwisho na kurudi, ikivuta mabehewa yako manne, bila kuacha njia hata mara moja. Nimeirudisha mara ishirini na mbili, nimeziandika zote kwenye shajara. Kidawa mwenyewe alisimama mlangoni, akasahau kununa.

Nyasi ni vumbi la mbao nililolitia rangi. Minazi nimetengeneza kwa chelewa na manyoya ya kuku. Nyumba ni visanduku vya kiberiti, makuti yake ni nyuzi za kumbi, na chini ya kila nyumba nimeandika namba yake kama ulivyonipa. Kona ndiyo iliyonisumbua. Kichwa hiki hakipendi kona kali, kilikuwa kinapinduka kila kikifika hapo. Sasa kimekubali.

Mwambie mama nyumba yake imekaa vizuri, mlango wa uani upo, na kuku wake ni punje za mtama.

Ndugu yako,
Mwishehe


Kisarawe,
2 Juni 1974

Ndugu yangu Abeid,

Barua yako ya hofu nimeipata. Ni kweli kwamba zamu yenu ya kuhamia kijiji cha pamoja imefika. Lakini usihangaike, maana safari hii nina la kukufariji.

Bwana Husseini, mmoja wa wanakamati wa kupanga vijiji, alikuja shuleni kwa mkutano akasikia habari za treni. Nikampeleka nyumbani. Nilitia ufunguo, nikaiendesha mbele yake. Hakuitazama. Aliinama juu ya nyumba. Akaigeuza moja, akaona namba, akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Akaigeuza nyingine. Nikamwambia. Akasema, “Mwalimu, vijana wangu wametumwa huko mara mbili, kila mara wanarudi na hesabu tofauti. Niandikie orodha.”

Nimeketi nikamwandikia, nikigeuza nyumba moja moja na kusoma namba chini yake, jina na idadi ya watu kama unavyoniandikia kila mwaka. Kaya arobaini na moja. Nimetia sahihi kwamba nimethibitisha. Kila aliyemo atapata kiwanja chenye namba, na lori litamfuata mlangoni. Huenda wengine wanahamishwa kwa vurugu, ninyi mtahama kwa mpango. Nakiri nilijisikia mtu. Miaka yote hii watu wananicheka na treni yangu ya makopo.

Ndugu yako,
Mwishehe


Kijiji kipya, ng'ambo ya Zegereni,
25 Agosti 1974

Ndugu yangu Mwishehe,

Tumehama. Malori mawili, siku mbili. Mgambo alikuwa na karatasi mkononi, anaita namba na jina, mwenye nyumba anapakia milango yake na vyungu vyake. Hakuna aliyepigwa. Sasa tupo kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, mimi kumi na saba, Tatu kumi na nane, kama kule. Nimesimamisha kibanda cha chumba kimoja.

Sasa nikuandikie jambo ambalo sikutaka kulitia kwenye barua kabla mambo hayajatulia.

Walipofika arobaini na moja, mgambo alikunja karatasi. Akasema, “Kijiji kimekwisha.” Nikamngoja aseme arobaini na mbili. Hakusema. Hakuna aliyevuka tuta. Lori likaondoka, mimi nimekaa juu ya mizigo nikitazama minazi ya mama ikibaki nyuma, nikijizuia nisiseme neno.

Unajua jinsi mama alivyoapa kwamba kaburi la Mfaume halihami, na yeye haliachi. Nilikuwa nawaza tutamfunga kamba tumbebe. Kumbe wewe ulikwisha kulifikiria. Ulimwacha nje ya orodha makusudi, ukatia sahihi yako mwenyewe, na katika barua yako hukuandika hata neno, usije ukanitia hatarini barua ikifunguliwa. Nilipomweleza mama, aliuweka ungo chini kwanza. Kisha akasema, “Mtoto yule hakula wali wangu bure.”

Ndugu wa tumbo moja asingefanya hivyo. Sina cha kukulipa.

Ndugu yako kabisa,
Abeid


Kisarawe,
5 Septemba 1974

Ndugu yangu Abeid,

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena. Tusilizungumze sana jambo hilo. Wala usimwambie mtu. Alhamdulillahi mmefika salama.

Huku shule zimefunguliwa. Treni sijaiendesha siku nyingi kidogo, kazi zimezidi. Mpe mama salamu zangu.

Ndugu yako,
Mwishehe


Kijiji kipya,
10 Februari 1975

Ndugu yangu Mwishehe,

Natumaini mu wazima. Nina jambo la mama.

Ninakwenda kwake kila Ijumaa baada ya sala, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Miezi ya kwanza alikuwa anacheka. Alikuwa ananionyesha kijiji kitupu anasema, “Tazama, nchi yote hii yangu.” Sasa hacheki. Nyumba za wenzake zimeng'olewa miti, zilizobaki ni kuta. Kisima kimeanza kujaa majani kwa kuwa hakuna anayekisafisha. Nguruwe wamemaliza muhogo. Macho yake nayo, Mwishehe, hayaoni vizuri tena. Juzi nilimkuta anamwita kuku ambaye ni jiwe.

Ijumaa iliyopita alinishika mkono akaniambia, “Baba yako nimekaa naye vya kutosha, ataniwia radhi. Nimechoka kuzungumza na treni. Nitafutieni mahali karibu na Tatu.”

Kwangu hawezi kuingia. Ni chumba kimoja, na mama kulala chumba kimoja na mimi na mke wangu Biasha ni jambo asilolikubali yeye wala sisi. Kwa Tatu ndiyo kabisa, yupo mkwewe wa kiume. Anahitaji kibanda chake, na kibanda hakijengwi bila kiwanja, na kiwanja hakitolewi bila jina kwenye orodha. Mwenyekiti wetu ameniambia, “Jina la mama yako halipo, na orodha imethibitishwa. Nikimpa yeye, kesho watakuja kumi.” Akasema aliyeandika orodha ndiye awezaye kuongeza.

Nakuomba umwone Bwana Husseini, au umwandikie mistari miwili tu. Kibanda nitajenga mwenyewe, miti nimekwisha kata. Nataka kabla ya masika.

Ndugu yako,
Abeid


Kisarawe,
23 Februari 1975

Ndugu yangu Abeid,

Nimelifikiria ombi lako kwa makini. Naona tusiharakishe. Bwana Husseini amesifiwa sana kwa mpango wa kijiji chenu, na jambo hili likifunguliwa sasa ataulizwa kwa nini mtu mmoja aliachwa, na utaulizwa wewe kwa nini ulinyamaza. Huenda wakakutoza faini. Huenda wakasema ulimficha.

Ushauri wangu, mama avumilie masika haya. Mwezi wa sita Bwana Husseini atakuwa anahamishwa, nimesikia. Akija mwingine tutampeleka jina la mama kama mtu aliyerudi kutoka safari, bila maswali. Ni miezi mitatu tu.

Mwekee kuni za kutosha.

Ndugu yako,
Mwishehe


Kijiji kipya,
2 Mei 1975

Ndugu Mwishehe,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Mama amefariki. Tumemzika Jumatatu tarehe 28 Aprili kando ya baba.

Ijumaa iliyotangulia mto wa njiani ulikuwa umejaa, sikuvuka. Ukuta wa upande wa mvua ulianguka, nadhani Jumamosi. Gengi la reli lilipita Jumatatu asubuhi kukagua tuta. Yule mnyapara aliyekuwa ananiita Bwana Mataruma ndiye aliyemwona. Mguu wake ulikuwa chini ya udongo. Alikuwa ameuvuta mkeka akajifunika, na kata ya maji ilikuwa karibu naye, tupu. Mnyapara anasema hakufa ukuta ulipoanguka. Alifikiri nilitaka kujua.

Ukuta wenyewe haukuwa mzito. Watu wawili tuliuinua.

Arobaini itakuwa Jumamosi, tarehe 7 Juni, hapa kijijini.

Abeid


Kisarawe,
11 Mei 1975

Abeid, ndugu yangu,

Mungu amrehemu mama. Nimeanza barua hii mara nne. Nitakuandikia kwa mpango, kwa sababu ndivyo ninavyojua, na kwa sababu nikiiandika kwa kilio nitajificha ndani ya kilio.

Ninanakili shajara yangu kama ilivyo.

“14 Februari 1971, Jumapili. Treni imeacha njia mara tisa kwenye kona. Meza haitoshi. Nimeisogeza reli inchi nne ndani. Imepita mahali pa nyumba na. 42. Nyumba imeondolewa, imewekwa kwenye kopo la misumari. Irudishwe meza ikiongezwa ubao.”

Meza sikuiongeza ubao. Wiki moja baadaye nilikuandikia kwamba nyumba ya mama imekaa vizuri na kuku wake ni punje za mtama. Niliona haya kumwambia mzee nimemtoa. Ilionekana uongo mdogo wa heshima.

“31 Mei 1974. Nimemwandikia Bw. Husseini orodha kutoka mezani. Kaya 41. Sahihi.”

Karatasi yako yenye arobaini na mbili ilikuwa sandukuni, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuifungua. Niliitazama meza kwa miaka mitatu mpaka nikaamini kwamba meza ndiyo kijiji. Sikumwacha mama makusudi, Abeid. Nilimsahau. Shukrani uliyonipa ilikuwa ya mtu mwingine ambaye hayupo, nami niliipokea kwa sababu ilikuwa tamu, na kwa sababu ukweli wake ulikuwa mchungu.

“23 Februari 1975. Nimemwandikia Abeid. Sikumwandikia Bw. Husseini.”

Sikusikia popote kwamba anahamishwa. Nilibuni. Mistari miwili uliyoniomba ingenilazimu kuandika kwamba orodha niliyoithibitisha ilikuwa na kosa. Ni hilo tu lililonizuia. Faini yako sikuifikiria hata kidogo.

Nitaivunja meza na nitakitupa kile kichwa cha treni. Sitaki kukiona.

Mwishehe


Kijiji kipya,
24 Mei 1975

Mwishehe,

Barua yako imefika.

Meza usiivunje. Ukiivunja utapata nafuu upesi.

Hapa wote wanajua habari moja: kwamba Mwalimu Mwishehe alimwachia mama nyumba yake kwa mapenzi. Mimi ndiye niliyewaambia, kijiji kizima. Mama mwenyewe amekufa akiamini hivyo, na Tatu anakuombea dua kila sala.

Njoo tarehe saba. Baada ya hitima nitakupa nafasi, useme kama ulivyoniandikia. Sitakuongezea neno wala sitakupunguzia.

Abeid


Kisarawe,
10 Juni 1975

Ndugu yangu Abeid,

Nimefika salama. Nakushukuruni kwa mapokezi.

Najua unangoja maelezo. Uliponipa nafasi nilisimama nikiwa na nia kamili, barua nilikuwa nayo mfukoni. Lakini watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Tatu alikuwa amekwisha nitandikia mkeka wa mbele, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu, akaniita mwana wa mama. Nikamwona na mnyapara amekuja, amevua kofia. Nikaanza kusema habari za masika, na ubora wa marehemu, na jinsi alivyotulea, na maneno yakaenda yenyewe upande huo mpaka shehe akaitikia amin. Ilikuwa vigumu kurudi nyuma.

Nimefikiri huenda ni heri kwao waendelee kuamini walivyoamini. Haimrudishi mama. Nisaidie kuamua.

Ndugu yako,
Mwishehe


Kijiji kipya,
20 Juni 1975

Mwishehe,

Umeniomba nikusaidie kuamua. Nilikwisha kuamua siku ileile, ulipokuwa unapanda basi.

Nilirudi nikawakuta bado wamekaa, wanakusifu kwa maneno yako mazuri. Nikawaambia wasiondoke. Nikasoma barua yako ya tarehe 11 Mei mwanzo mpaka mwisho, na tarehe zake zote. Kisha nikawaambia na langu: kwamba nilijua mama ameachwa nje ya karatasi, nikakaa juu ya mizigo nikafurahi, na kwamba miti ya kibanda chake ilikuwa imekatwa, imelala nyuma ya nyumba yangu tangu mwezi wa pili, nikingoja ruhusa ya karatasi. Ningeweza kuisimamisha bila ruhusa. Wangeibomoa, ningeisimamisha tena. Hilo ni langu, sikupi wewe.

Watu hawakupiga kelele. Mnyapara alivaa kofia yake akaenda zake. Tatu aliuliza swali moja tu: “Inchi nne ni kiasi gani?” Nikamwonyesha. Alizishika zile inchi nne kwa vidole vyake juu ya mkeka, muda mrefu, kisha akaufunua mkono akapangusa mkeka kama mtu anayeondoa makombo. Hajanena habari zako tangu siku hiyo.

Mwenyekiti amesema atapeleka jina la mama liongezwe kwenye orodha, ingawa amekufa, ili iwe sahihi. Nimemwambia aliache.

Huku usije. Si mimi tu ninayesema, ni nyumba nzima. Siku Tatu atakapokuita, nitakuandikia.

Lakini barua utaniandikia, na nitazisoma. Nimejaribu kukaa bila kukuandikia na nimeshindwa, maana hakuna mwingine aliyebaki anayeijua nyumba ya mama ilivyokuwa, mlango umeelekea wapi, na yeye amekaa wapi. Niandikie hilo. Niandikie polepole, usiruke kitu, na safari hii usipunguze.

Mimi,
Abeid Mfaume